MASOMO KUMI NI YA MTOTO AU NI KIKI YA MAMA? Mastaa, Acheni Kushindana kwa Fomu za Shule za Watoto Wenu

Wiki hii mjini stori haikuwa nani kamwacha nani, wala nani kanunuliwa gari na nani. Stori ilikuwa fomu ya shule. Ndiyo, fomu ya shule! Karatasi moja yenye orodha ya masomo na viboksi vya kuweka tiki, ndiyo iliyowakosesha watu usingizi mitandaoni.

Ilianza Jumanne usiku. Staa mmoja wa filamu, jina linahifadhiwa kwa sababu kuna mtoto ndani ya habari hii, alipandisha picha ya fomu ya binti yake anayeingia kidato cha tatu. Viboksi kumi vimepigwa tiki. Chini yake akaandika kwamba kwake hakuna mtoto wa kubebwa, binti anasoma masomo KUMI, na wale wenye watoto wa masomo saba wakae kwa kutulia. Akamalizia na vikatuni vya makombe na kofia za mahafali.

Hazikupita saa mbili. Dada mmoja wa vipodozi, ambaye yeye na huyo staa hawapikiki chungu kimoja tangu enzi hizo, akajibu bila kutaja jina. Wa kwake naye ana masomo kumi, tena na Kifaransa cha jioni na Kichina cha Jumamosi. Hapo ndipo mashabiki wakagawana timu. Timu Kumi huku, Timu Kumi na Mbili kule, matusi katikati.

Kisha akaingia msanii mmoja wa Bongo Fleva na la kwake: yeye alisoma saba tu, akapata ziro, na leo anaendesha gari ambalo mwalimu wake wa Hesabu hajawahi hata kulipanda. Laiki kama mvua.

Katikati ya kelele zote hizo kulikuwa na komenti moja fupi ambayo watu wengi hawakuiona, kwa sababu ilifutwa baada ya dakika chache. Bahati nzuri au mbaya, mjini skrinishoti hazilali. Iliandikwa na binti mwenyewe, chini ya posti ya mama yake. Maneno manne tu:

"Mama mimi nilitaka Fasihi."

Basi. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mengine yote ni makelele.

KILICHOTOKEA NDANI

Watu wa karibu na familia hiyo wanasema fomu ya kwanza aliijaza binti mwenyewe. Alichagua masomo nane: saba ya lazima, akaongeza Fasihi ya Kiingereza. Anapenda kusoma riwaya, ni mwenyekiti wa klabu ya midahalo shuleni kwao, na ameshasema mara mia kwamba anataka kuwa mwanasheria. Matokeo yake ya kidato cha pili yanamuunga mkono. Historia A, Kiswahili A, Kiingereza B. Fizikia D, Kemia D.

Mama alipoiona ile fomu, akaichana. Akaomba nyingine shuleni, akaijaza mwenyewe: saba za lazima, Fizikia, Kemia, na Kompyuta. Jumla kumi. Na kwa kuwa ratiba ya shule hiyo imeweka Fizikia na Fasihi kwenye vipindi vilevile, Fasihi ikapigwa chini. Kwa hiyo yale masomo kumi yanayoshangiliwa mitandaoni yamepatikana kwa kuondoa somo moja ambalo mtoto alilichagua na kumuongezea matatu ambayo hakuyachagua, mawili kati yake akiwa na D.

Sasa ndugu zangu wa Timu Kumi, mnashangilia nini hasa?

HESABU AMBAYO HAIWEKWI INSTA

Watu wengi wanaobishana humo mitandaoni wamemaliza kidato cha nne, lakini ukiwauliza daraja linapatikanaje, wanaanza kuangalia pembeni. Basi ni hivi. Matokeo ya kidato cha nne yanapangwa kwa masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi. Saba. Siyo nane, siyo kumi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Unajumlisha saba bora. Ukipata kuanzia 7 mpaka 17 ni divisheni wani. Kuanzia 18 mpaka 21 ni tuu. 22 mpaka 25 ni three. Kuanzia 26 mpaka 33 ni four, na zaidi ya hapo ni ziro.

Ndiyo maana mtaani watu wanasema "wani ya saba" kwa heshima. Hiyo ni A saba, huwezi kwenda chini zaidi ya hapo. Mtu wa masomo saba anaweza kuipata. Mtu wa masomo kumi anaweza kuipata. Wote wanakaa meza moja.

Fungua ukurasa wa matokeo ya Baraza la Mitihani siku yakitoka. Utaona namba ya mtahiniwa, jinsi, jumla ya pointi, divisheni, na herufi alizopata kwenye kila somo. Hakuna safu imeandikwa "huyu alisoma masomo mengi, apewe pole". Haipo.

Sasa chukua mfano wa watoto wawili wenye akili inayofanana. Wa kwanza kasoma nane. Kapata Kiswahili A, Historia A, Kiingereza B, Uraia B, Jiografia B, Fasihi B, Baiolojia C, na Hesabu D. Saba bora: 1, 1, 2, 2, 2, 2, 3. Jumla 13. Divisheni wani, anapita mbele ya jirani kifua mbele.

Wa pili kasoma kumi. Muda umegawanyika, kachoka, kila somo kashuka kidogo. Kiswahili B, Historia B, Kiingereza C, Uraia C, Jiografia C, Baiolojia C, Kompyuta C, Hesabu D, Kemia D, Fizikia F. Saba bora: 2, 2, 3, 3, 3, 3, 3. Jumla 19. Divisheni tuu. Na ile F ya Fizikia inaning'inia pale kwenye ukurasa, kila shangazi anaiona.

Huyu wa pili siyo kilaza. Alipangiwa kazi ya watu wawili na akapewa siku ileile yenye saa 24.

MUDA NI MKATE, UKIUKATA UNAPUNGUA

Chukulia mtoto anajisomea saa tatu kila usiku, siku sita kwa wiki. Ni saa 18. Ukigawa kwa masomo nane, kila somo linapata saa mbili na robo kwa wiki. Ukigawa kwa kumi, kila somo linapata saa moja na dakika 48. Umekata dakika 27 kwenye kila somo, kila wiki.

Dakika 27 ni nini? Ni muda wa kuskroli tu, si ndiyo? Haya, zidisha. Kuanzia Januari ya kidato cha tatu mpaka Novemba ya kidato cha nne, toa likizo, chukua wiki 70 za shule. Unapata zaidi ya saa 31 kwa somo moja. Zaidi ya saa 31 za Historia zimeondoka. Zaidi ya saa 31 za Kiingereza zimeondoka. Na Hesabu, somo ambalo kila mwaka linaliza nchi nzima, nalo limekatwa saa zaidi ya 31. Zimeenda wapi? Zimeenda kwenye kugombana na Fizikia ambayo mtoto alishapata D na hataihitaji mahakamani.

Wanaosema "si apunguze kulala" wajue kwamba hicho ndicho kinachofanyika. Klipu ya wiki iliyopita, ile ambayo mama aliiposti kwa kujisifu, inamuonyesha binti amelala kwenye siti ya nyuma ya gari saa kumi na moja alfajiri, daftari limefunguka mapajani, mdomo wazi. Watu wakacheka, wakaandika "msuli si mchezo". Hiyo haikuwa klipu ya kuchekesha. Huyo ni mtoto aliyechoka.

"LAKINI MILANGO IBAKI WAZI"

Sasa haki itendeke. Timu Kumi wana hoja moja nzito, na ni lazima ijibiwe bila ushabiki.

Wanasema hivi: mtoto wa kidato cha pili hajui maisha. Leo anataka sheria, kesho ataamka anataka udaktari. Akiacha Fizikia na Kemia sasa hivi, hatarudi tena. Mlango umefungwa. Bora asome vyote, achague baadaye.

Ni kweli kabisa kwamba mlango unafungwa. Ukiacha Fizikia na Kemia mwisho wa kidato cha pili, habari za PCB na PCM unazisikia kwa wenzako. Nani atabisha? Na ni kweli kuna watoto waliopotezwa kwa kuambiwa "sayansi ngumu, hasa kwa wasichana", wakaacha wakati walikuwa na uwezo. Kwa mtoto mwenye B ya Fizikia na B ya Kemia ambaye bado hajajua anataka nini, achukue sayansi, asome tisa, na Mungu ambariki. Hakuna anayemkataza.

Lakini mlango unafunguliwa na nini? Ili uende kidato cha tano, unatakiwa uwe na krediti, yaani C kwenda juu, kwenye masomo yasiyopungua matatu. C inaanzia alama 45. D ni 30 mpaka 44. Mtoto mwenye D ya Fizikia, aliyekatiwa muda, anayesoma kwa hasira, akitoka na D nyingine kidato cha nne, anaweza kuikosa PCB sawasawa na yule ambaye hakuisoma kabisa. Tofauti ni kwamba yeye kapoteza miaka miwili akiusukuma mlango uliochorwa ukutani. Na wakati anasukuma huo, ule wa kweli, wa HKL na HGL, ambao ulikuwa wazi, umeanza kujifunga kwa sababu A zimeshuka kuwa C.

Mshika mbili moja humponyoka. Wazee hawakusema mshika kumi, kwa sababu hawakufikiria kama kuna mtu atajaribu.

Halafu hebu muangalie mfumo wenyewe unavyokwenda. Kidato cha nne masomo saba bora. Kidato cha tano na sita masomo matatu ya tahasusi. Chuo kozi moja. Kila hatua unayopanda, idadi inapungua na kina kinaongezeka. Machi 2024 Serikali ilitangaza orodha ya tahasusi 65 za kidato cha tano, ambapo mwanzo zilikuwa chache sana. Maana yake ni nini? Njia zimekuwa nyingi, lakini kila mtoto atapita moja, yenye masomo matatu. Swali la maana ni "matatu yako ni yapi, na umeyashika vizuri kiasi gani?" Swali la "una mangapi?" halimpeleki mtu popote.

"KUMI NI BIMA"

Hoja ya pili wanaipenda walimu wa tuisheni. Wanasema kwa kuwa zinachukuliwa saba bora, basi ukiwa na kumi una akiba ya tatu. Ukiteleza huku, unaokolewa kule.

Inaonekana tamu. Na kwa baadhi ya watoto ni kweli. Mtoto ambaye Hesabu imemshinda kabisa, akiongeza somo la dini analolijua toka madrasa au Sunday school, au Fasihi anayoipenda, lile somo linaweza kuchukua nafasi ya ile F ya Hesabu kwenye hesabu ya saba bora. Hiyo ni akili. Hiyo ni bima kweli.

Lakini bima unaikata kwenye kitu kizima. Huwezi kuweka akiba kwa hela iliyotoboka. Somo la ziada linakuokoa endapo tu utafanya vizuri humo kuliko kwenye moja ya saba zako. Somo ulilopata D litamuokoa nani? Yule binti wa staa alikuwa na bima yake tayari, inaitwa Fasihi. Mama kaifuta, kamkatia nyingine mbili zilizoisha muda.

Na hapa ndipo pa kufungua macho, wadau. Rudini kwenye ile posti ya Jumanne. Tazameni kona ya chini. Kuna kituo cha tuisheni kimetajwa pale, na siku mbili baadaye kituo hichohicho kikaitumia picha ileile kwenye ukurasa wake, kikitangaza nafasi. Na tuisheni kila mtu anajua inavyolipwa: kila somo na bei yake. Masomo saba ni bili saba. Masomo kumi ni bili kumi. Mwenye duka hawezi kukushauri ununue kidogo.

Kwa hiyo mtoto kawa bango la biashara. Fizikia anaisoma yeye, tangazo kala mwingine.

SHANGAZI WA MAREKANI NA AP ZAKE

Kulikuwa na komenti nyingine ndefu, ya dada mmoja anayeishi Houston, akiwashushua wote. Kwamba huko Marekani watoto wa sekondari wanachukua AP saba, nane, na wanaingia vyuo vikubwa, Waswahili tunadekeza.

Dada, AP zinajulikana. Ni masomo ya kiwango cha juu yanayosimamiwa na College Board, mitihani yake ni Mei, na alama zake ni 1 mpaka 5. Vyuo vingi vinaanza kukutambua ukipata 3, vingine vinataka 4 au 5. Sasa mtoto mwenye AP nane zenye 2, na mwenye AP nne zenye 5, nani kapunguziwa madarasa chuoni? Huko huko unakoishi, hesabu ni ileile. Na huko huko wazazi wanagombana kuhusu jambo hilihilo, watoto hawalali, kwa sababu kila mtu anaangalia jirani kachukua ngapi. Kwa hiyo usilete ugonjwa wa Houston ukauita dawa ya Dar.

NA WEWE MWENYE GARI

Yule msanii wa ziro na gari naye asijifiche nyuma ya ugomvi huu. Hakuna anayesema shule haina maana. Gari lake ni zuri, hongera. Lakini kwa kila msanii mmoja aliyetoboa na ziro, kuna vijana kibao wa darasa lake ambao hawana gari, hawana wimbo, na hawana mtu wa kuwawekea laiki. Hao hawaandiki komenti kwa sababu bando limeisha.

Kupunguza masomo siyo uvivu, na siyo ruhusa ya kukaa. Mtoto aliyechagua nane anatakiwa kuzipiga hizo nane kisawasawa. Yule binti hakuomba kupumzika. Aliomba somo gumu, la kusoma vitabu vizima kwa Kiingereza na kuandika insha juu yake. Kuna mtu anadhani hiyo ni mteremko? Ajaribu.

TATIZO LENYEWE NI AIBU

Tuongee ukweli sasa. Kwa nini mama mwenye akili zake, aliyejenga jina kwa jasho, amchane mtoto fomu?

Kwa sababu hapa kwetu "mtoto wa arts" bado ni tusi. Kipanga ni wa sayansi. Wa arts ni yule "aliyeshindwa". Ukisema mwanangu anasoma sayansi, watu wanaitikia "mashallah". Ukisema anasoma Historia na Fasihi, wanakuuliza "kwani ana shida gani?" Halafu watu haohao, wakidhulumiwa kiwanja, wanakimbia kutafuta mwanasheria. Wakitaka kuandikiwa filamu, wanatafuta mwandishi. Staa mwenyewe anakula kwa hadithi zilizoandikwa na watu wa Fasihi! Kila mstari aliowahi kulia nao kwenye kamera, kuna mtu aliukalia usiku akauandika.

Na mama huyo ana kidonda chake, na kinaeleweka. Ameshasema mwenyewe kwenye mahojiano zaidi ya mara moja kwamba shule aliiacha njiani, ada ilikosekana, na watu wa mjini hawakuacha kumkumbusha. Kwa hiyo anataka mtoto asome yale yote ambayo yeye hakusoma. Hakuna wa kumcheka kwa hilo. Mapenzi ni mapenzi.

Lakini mtoto siyo duka la kubadilishia mali iliyopotea. Yale masomo matatu ya nyongeza hayalipi ile ada ya zamani. Yanamlipisha binti.

Hata Baraza la Mitihani lenyewe lilishachoka na mashindano. Matokeo ya kidato cha nne ya 2022, yaliyotoka Januari 2023, yalitangazwa bila orodha ya shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, na utaratibu ule wa kuwataja ukaishia hapo. Serikali imeacha kuwapanga watoto kwenye mstari. Mastaa wakaokota kile kijiti, wakaanza kuwapanga wenyewe Instagram, tena kabla hata ya mtihani, kwa kuhesabu tiki kwenye fomu!

SASA NGAPI ZINATOSHA?

Hakuna namba moja ya wote, na anayekutajia namba bila kumuuliza mtoto anakuuzia kitu. Lakini kuna maswali matatu, na dada au kaka wa mjini mwenye mdogo wake kidato cha pili anaweza kumkalisha jioni moja wakayajibu bila kumlipa mtu.

La kwanza: unataka kwenda wapi, na kule wanaangalia masomo gani matatu? Anzia mwisho, rudi nyuma. Anayetaka udaktari, Fizikia, Kemia na Baiolojia siyo nyongeza, ndiyo safari yenyewe, na tisa zake hazina mjadala. Anayetaka sheria, lugha na Historia ndiyo mtaji. Asiyejua bado, asidanganye kwamba anajua. Aangalie alama zake zinamwambia nini.

La pili: kidato cha pili ulipata ngapi kwenye hilo somo, na kwa nini? Kuna D ya kukosa mwalimu mwaka mzima, hiyo inaweza kutibika. Kuna D ya kuwa na mwalimu, vitabu, tuisheni, na bado ukatoka na D. Hiyo inakuambia kitu. Isikilize.

La tatu: hili somo la ziada linakula muda wa lipi? Kwa sababu lazima lile. Ukiweza kulitaja kwa jina lile litakalokatwa, na ukakubali kulikata, endelea. Ukishindwa kulitaja, hujachagua, umekusanya tu.

Mtaala unabadilika, majina ya masomo yanabadilika, na mingine itakuja. Maswali haya hayabadiliki.

NA FOMU?

Kwa taarifa zilizopo mpaka posti hii inapanda, fomu ya yule binti bado haijarudishwa shuleni. Mwisho ni Jumatatu. Yaani bado kuna Jumamosi na Jumapili. Mama anaweza kuzima simu, akamuita mwanaye sebuleni, wakaiweka karatasi mezani na ile ya matokeo ya kidato cha pili pembeni, na kalamu akampa binti.

Itamgharimu nini? Ataonekana kashindwa na dada wa vipodozi. Timu Kumi na Mbili watacheka siku tatu. Siku ya nne kutakuwa na stori nyingine, mjini hapakauki. Lakini Novemba ya mwaka kesho, saa mbili asubuhi, kwenye chumba cha mtihani, hakutakuwa na timu. Hakutakuwa na shabiki wa kuweka moto kwenye komenti. Kutakuwa na binti mmoja, kalamu, na karatasi ya maswali.

Mama, alikuambia mwenyewe. Kwa maneno manne, mbele ya watu wote, kisha akafuta kwa kukuheshimu. Wewe ndiye pekee ambaye bado hujamjibu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe ulisoma masomo mangapi, ulichaguliwa na nani, na leo ni lipi limekusaidia? Dondosha komenti hapo chini. Na jina la shule ya mtoto likitajwa, komenti inafutwa.